Gereji ya Wasomaji: Betri Yenye Baridi Haili Moto kwa Haraka

Tangu mwezi wa sita uingie, maswali yanayotufikia kutoka Kabale, Kisoro na Kapchorwa ni ya betri, betri, betri. Moja lilitoka Kanada wakati wa majira yao ya baridi, kwa mtoto wa Mbale, na tumeliweka kwa sababu baridi yake ni ya aina nyingine kabisa.

Mafundi, salamu. Naendesha Hiace ya dizeli, hizi tunazoziita droni, betri yake ni N70. Miaka mitatu gari lilikuwa Gulu na halikunisumbua hata siku moja. Mwezi wa tano nimelihamishia Kabale. Sasa kila alfajiri stata inajivuta, taa za dashibodi zinafifia, halafu kimya. Napeleka betri senta, wanaichaji kwa muda wa saa tatu, jioni iko sawa, kesho yake ni yale yale. Wananiambia baridi imeiua. Ni kweli?
*Dereva, Kabale*

Dereva, baridi ya Kabale imesingiziwa. Betri yako ilianza kufa ikiwa Gulu.

Kwa nyuzijoto 10, ambazo ni za kawaida Kabale alfajiri za msimu huu, betri nzima hupungukiwa nguvu kidogo tu. Kwa nyuzi 0 hupungukiwa kama theluthi, na kwa nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na nusu au pungufu. Huko ndiko baridi inakoishinda betri nzima. Hapa kwetu inaishinda ile iliyokwisha kuchoka. Mlaji mkubwa wa betri ni joto: mafundi hukadiria kwamba joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wa betri hukatika karibu nusu, maana risasi ya ndani huliwa haraka na maji hukauka. Kwenye joto la Gulu hukuona kasoro kwa sababu oili ikiwa nyepesi, hata betri mgonjwa huzungusha injini. Alfajiri ya Kabale oili ni nzito, plagi za kupasha injini ya dizeli zinanyonya moto (yaani umeme) mwingi kabla stata haijaguswa, na asidi iliyopoa inafanya kazi polepole. Yote hayo yanaiangukia betri kwa wakati mmoja.

Sasa hizo saa tatu za senta. N70 kwa kawaida ni Ah 70, yaani ampea-saa, kipimo cha umeme unaoingia betrini (soma kibandiko, zingine ni 65). Mwendo salama wa kuchaji ni sehemu moja ya kumi ya Ah, yaani ampea 7. Kama betri imebaki nusu, inadai Ah 35, na kwa kuwa sehemu ya umeme hupotea njiani, utaingiza kama Ah 42. Kwa ampea 7 hiyo ni saa sita, lakini betri ikikaribia kujaa hupokea kidogo kidogo, kwa hiyo hesabu saa nane hadi kumi. Saa tatu ni Ah 21 tu. Ukiona mwenye chaja ameifungulia ampea 20 ili akurudishie haraka, jua moto umekaa juu ya bamba za risasi, haujaingia ndani. Ndiyo sababu jioni mita inasoma volti 13 na kufikia alfajiri hamna kitu. Ili usidanganyike, washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, subiri dakika kumi, kisha pima.

Baridi yenyewe inaongeza tatizo moja ambalo wenye chaja wengi hawalijui. Betri iliyopoa inakataa moto. Ili ipokee sawasawa inataka volti zaidi, takribani 0.02 kwa kila nyuzi moja inayopungua. Chaja inayokata kwenye volti 14.4 imetengenezwa kwa betri ya nyuzi 25. Kwa betri ya nyuzi 10 ilipaswa kufika kama 14.7. Isipofika, itawasha taa ya kijani na kusema imejaa huku bado. Usihangaike kufungua chaja na kugeuza skrubu. Ni rahisi zaidi kuipasha betri: itoe kwenye gari jioni, iweke kwenye chumba kisicho na baridi wala watu wanaolala humo, iache humo usiku kucha, ichajiwe mchana. Mzigo wa kilo kumi na kitu za risasi na asidi haupati joto kwa nusu saa.

Ukianza kazi, zima kila kitu, toa kwanza waya wa hasi, halafu wa chanya. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, cheche utakayoiona utaikumbuka. Safisha vichwa vya betri kwa maji ya uvuguvugu nusu lita yenye vijiko viwili vya soda ya kuokea. Itatoa povu pale penye asidi, povu likikoma umemaliza. Vifuniko viwe vimefungwa ili soda isiingie ndani, maana ikiingia inaua asidi unayoihitaji. (Wapo wanaomwagia vichwa Coca-Cola. Inang'arisha, lakini sukari inabaki kunata na kuvuta vumbi.)

Fungua vifuniko uangalie maji. Kama bamba zimefunikwa, usiongeze kitu kabla ya kuchaji, kwa sababu kimiminika huvimba na kitafurika. Kama bamba ziko wazi, ongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke mpaka yazifunike tu, chaji, kisha malizia hadi milimita 10 juu ya bamba. Hapa watu wengi hukosea dukani: chupa ya maji ya betri na chupa ya asidi hukaa rafu moja na hufanana. Betri iliyopungua imepoteza maji, asidi yake bado imo. Ukiiongezea asidi unazila bamba.

Chaja ikiwa imezimwa ukutani, bana waya mwekundu kwenye chanya na mweusi kwenye hasi, ndipo uwashe. Weka ampea 7. Kila saa gusa ubavu wa betri. Uvuguvugu ni sawa. Ikiunguza mkono, yaani inakaribia nyuzi 50, zima na uiache ipoe. Sikiliza pia. Mwishoni seli zote sita, vile vyumba vya ndani ya betri, zinapaswa kuchemka kwa sauti moja, kama chungu cha uji kinachoanza kutokota. Moja ikikaa kimya wakati tano zinachemka, hiyo imekufa, na hakuna chaja itakayoifufua.

Betri imejaa pale vipimo vitatu vya saa moja moja vinapokuwa sawa, si pale taa inapowaka kijani. Ukiwa na haidromita, ile bomba ya kioo yenye boya ndani inayopima uzito wa asidi, tafuta 1.265 hadi 1.280 katika kila seli. Tofauti ya zaidi ya 0.050 kati ya seli na seli ni habari mbaya. Kumbuka asidi ya baridi huwa nzito na humdanganya msomaji. Kama haidromita yako ilirekebishwa kwa nyuzi 27, toa 0.0007 kwa kila nyuzi iliyopungua. Ukisoma 1.270 kwenye asidi ya nyuzi 10, ukweli ni kama 1.258.

Zima chaja ukutani kabla ya kutoa vibanio. Rudisha betri kwa kufunga chanya kwanza, hasi mwisho, paka vichwa vaselini kidogo. Ukitaka kuijua tabia yake, kabla ya kuirudisha iache bila waya usiku kucha: asubuhi volti 12.6 au zaidi ni nzima, 12.4 ni robo tatu, 12.2 nusu, 12.0 robo. Yako ikijazwa vizuri halafu asubuhi ikasoma chini ya 12.4 bila kufungwa popote, inajinyonya yenyewe. Mtu mwingine apige stata huku wewe umeshika mita: ikishuka chini ya 9.6, nunua nyingine. Kwa miaka mitatu ya Gulu, hatutashangaa.

Baba watoto huleta betri ya Noah sebuleni, anaiweka karibu na sigiri ipate joto, anaichaji hapo mpaka asubuhi. Jana nyumba nzima ilinuka mayai mabovu. Nikisema anasema hofu za wanawake. Nisaidieni.
*Mama wa watatu, Kisoro*

Mama, pua yako imesema kweli, na ukurasa huu mpe ausome mwenyewe.

Betri inapokaribia kujaa hutoa hewa ya haidrojeni. Ikifika asilimia 4 tu katika hewa ya chumba, cheche au kaa la moto linatosha kuilipua, na haina harufu wala rangi. Sigiri ni makaa yanayowaka muda wote. Betri ikipasuka hurusha asidi na vipande vya plastiki usawa wa uso. Tena sigiri ndani ya chumba kilichofungwa ina sumu yake yenyewe inayoua watu usingizini, hata kama betri isingekuwepo.

Harufu ya mayai mabovu ni jambo la tatu. Hiyo ni gesi nyingine, yenye sumu, na hutoka betri ikichemshwa kupita kiasi au seli ikiwa imeharibika. Ikitokea tena, watoe watoto nje, fungua milango na madirisha, zima umeme wa chaja kwenye swichi ya mbali kama ipo. Usivute kibanio kwenye betri wakati umeme unapita, kwa sababu cheche hutokea pale pale penye gesi. Iache betri ipoe saa kadhaa. Betri iliyofika hapo kwa kawaida haifai tena.

Mahali pa kuchajia ni baraza lenye paa au stoo yenye dirisha wazi, mbali na jiko, sigara na watoto. Kama asidi imemwingia mtu jichoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kukatiza, jicho likiwa wazi, kisha hospitali hata kama maumivu yamepoa. Soda ya kuokea ni ya sakafu na vichwa vya betri, usiitie jichoni kamwe.

Nina Fuso ya kubeba viazi, mfumo wa volti 24, betri mbili za Ah 120. Moja inachemka na kumaliza maji kila wiki, ya pili haijai kamwe. Nimebadilisha hiyo mbovu mara mbili mwaka huu na mpya nayo inafuata mkondo ule ule. Altaneta imepimwa, volti 28 na kidogo, iko sawa.
*Afande mstaafu, Kapchorwa*

Afande, tazama redio yako. Au chaja ya simu, au taa za ndani: tunaweka dau kuna kitu cha volti 12 ambacho fundi alikiunganisha kwenye betri moja tu ili asinunue kigeuzi. Betri ile inalisha redio peke yake, lakini altaneta inazijaza zote mbili kama kitu kimoja. Inapoona jumla ya 28 inaridhika, bila kujua kwamba moja imekaa kwenye 15 na nyingine kwenye 13. Ya 15 ndiyo inayochemka. Ya 13 haijai, chumvi ya risasi inagandia bamba zake, na alfajiri ya baridi ya mlimani ndiyo inayokuangusha.

Pima kila betri peke yake injini ikiwa inanguruma. Tofauti ikizidi nusu volti umempata mwizi. Kata waya ule, weka kigeuzi cha 24 kwenda 12 kinacholishwa na betri zote mbili. Kisha zitenganishe, uchaji kila moja peke yake kwa chaja ya volti 12, ampea 12, mpaka ijae kweli. Ukinunua, nunua jozi: aina moja, ukubwa mmoja, tarehe moja. Kuoanisha mpya na kuukuu ndiko kulikoila pesa yako mara mbili.

Na vijana wa stendi wasije wakaazima moto kutoka Fuso kwenda kwenye gari dogo kwa kuunganisha betri zote mbili. Volti 24 kwenye gari la 12 huunguza kompyuta yake kabla stata haijazunguka.

Niko Edmonton, Kanada, kazini usiku. Gari limekaa uwanjani wiki mbili, juzi ilikuwa nyuzi 30 chini ya sifuri. Betri haina hata taa. Jirani ananiambia tuunganishe nyaya za jampa. Huko nyumbani Mbale ningekubali mara moja, ila ubavu wa betri naona umevimba.
*Mtoto wa Mbale*

Usiunganishe. Asante kwa kuutazama ubavu.

Betri iliyojaa asidi yake ni nzito na haigandi hata chini ya nyuzi 50 hasi. Iliyobaki nusu huganda kwenye nyuzi 25 hasi hivi. Iliyoisha kabisa, asidi yake imegeuka karibu maji matupu, huganda kwenye nyuzi 10 hasi tu. Yako ilikaa wiki mbili ikinyonywa na alamu, ikaisha, ikaganda. Barafu ikapanuka, ndipo uvimbe. Ukiingiza moto kwenye betri yenye barafu, umeme hauna njia ya kupita vizuri, gesi inakwama ndani, na inaweza kupasuka mikononi mwako.

Itoe kwa glavu na miwani, iweke ndani ya gereji yenye joto, kwenye beseni la plastiki ikivuja, uiache siku nzima iyeyuke yenyewe. Usiimwagie maji ya moto. Ikiyeyuka ichunguze: ufa wowote au uvimbe usiorudi, ipeleke wanakonunua betri chakavu. Yako, kwa ulivyoieleza, itakuwa ya huko.

Ile mpya usiiache iishe. Chaja ya kisasa ina kitufe chenye alama ya chembe ya theluji, kinachopandisha volti kwa ajili ya baridi; kitumie kama unachajia nje, si ndani penye joto, na kama betri ni ya AGM (aina iliyofungwa, isiyoongezwa maji) chagua alama ya AGM kwanza. Kwenye viwanja vingi vya huko kuna soketi za kuchomeka hita ya injini. Gari lako likiwa na hita hiyo, ichomeke saa tatu au nne kabla ya kuondoka, oili italainika na betri itafanya kazi ndogo. Kama gari linakaa bila kazi, ichaji kila wiki mbili. Na ukinunua betri ya lithiamu ya sola kwa ajili ya kambi, hiyo isichajiwe kamwe ikiwa chini ya nyuzi 0. Inaharibika ndani bila kuonyesha dalili.

Betri ikilala, nikiiwasha gari kwa moto wa kuazima halafu nikaliacha linanguruma dakika 20, si imejaa? Umeme huku hukatika, chaja siitegemei.
*Mwalimu, Fort Portal*

Haijajaa, Mwalimu. Injini ikinguruma pale pale, altaneta huzunguka polepole na betri ya baridi inapokea kwa kusitasita. Dakika 20 labda zinarudisha ulichotumia kuwashia, basi. Safari ya saa moja au mbili barabarani, taa kubwa na feni vikiwa vimezimwa, inasaidia zaidi, ila betri iliyoisha kabisa inadai chaja. Kuifanya altaneta iijaze betri tupu ni kuichosha. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Jenereta ndogo ya kilowati moja inaendesha chaja ya ampea 10 bila shida. Lakini ile tundu ya volti 12 iliyo kwenye jenereta haina kidhibiti, kwa hiyo usiondoke ukaiacha peke yake.

Ukiazima moto, mpangilio ni huu: mwekundu kwenye chanya ya betri iliyolala, kisha chanya ya nzima, mweusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililolala, mbali na betri. Ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche. Acha magari yote mawili hivyo dakika tano hadi kumi, lile zima likinguruma, kabla ya kupiga stata. Betri ya baridi inahitaji hizo dakika.

Ni kweli betri ikiwekwa juu ya sakafu ya simenti inanyonywa na ardhi?
*Msomaji, Kabale*

Si kweli kwa betri za plastiki za leo. Ilikuwa na ukweli kidogo enzi za masanduku ya mbao na mpira. Hata hivyo weka ubao chini: simenti ya Kabale ni baridi kuliko hewa, na asidi ikidondoka inaitoboa sakafu ya mwenye nyumba.